Binti yangu hasemi neno shuleni Hoima: niache kumwongelesha Kiswahili?

Swali

Asalaam aleikum, mwalimu. Sisi ni watu wa Tanga, tuko Hoima, Uganda, tangu Novemba kwa kazi ya mume wangu kwenye bomba la mafuta. Binti yetu ana miaka mitano na nusu. Tanga alikuwa chekechea, msemaji, ndiye anayewapanga wenzake kwenye michezo. Hapa shule ilimsaili kwa Kiingereza, akanyamaza kimya, wakasema aanzie Middle, darasa la kati la chekechea, pamoja na watoto wa miaka minne. Baba yake anataka aingizwe P1, maana wenzake wa Tanga Januari ijayo wanaanza darasa la kwanza na anaogopa mtoto ataachwa nyuma. Hii ni wiki ya nne na mwalimu wake anasema hajamsikia hata mara moja. Akifika nyumbani anaongea mpaka usingizini. Wiki iliyopita alijikojolea darasani. Tena wameanza kumwita Abwoli, na mimi sijui kama wanamcheka. Mwalimu na majirani wananiambia niache Kiswahili nyumbani, niongee Kiingereza tu. Mama yangu anasema nimrudishe Tanga akae naye. Nifanye nini?

Mama wa Tanga, Hoima

Jibu

Waalaikumu salaam, dada yangu. Usiache Kiswahili. Naanza na hili kabla ya mengine yote kwa sababu ndilo utakaloshikiwa bango zaidi, tena na watu wanaokutakia heri, na kwa sababu ndilo kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Nina miaka 17 nikifundisha Top, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, na P1, darasa la kwanza, huku Bunyoro, Masindi kwanza kisha Hoima. Nilikuja na mtoto wa kiume wa miaka sita, tukitokea Ujiji. Shule ya kwanza aliyoingia iliniita muhula haujafika katikati, nikaambiwa mtoto anachanganya lugha, nikifunge Kiswahili nyumbani. Mimi mwalimu mwenye cheti changu nikatii. Kiingereza changu enzi hizo kilikuwa cha darasani: simama, kaa, kula, oga, funga mlango. Basi kwa miaka mitatu mwanangu akalelewa na mama wa kutoa amri. Hadithi zangu, utani wangu, maneno ninayombembelezea mtoto akishikwa na homa, vyote vilikuwa ndani ya Kiswahili, na Kiswahili nilikuwa nimekitia kufuli. Kiingereza alikipata, tena kizuri, lakini alikipata uwanjani kwa wenzake. Kwangu hakukipata, maana sikuwa nacho cha kumpa.

Alipofika miaka tisa tukaenda Ujiji likizo ya Desemba. Bibi yake akamketisha chini ya mwembe wapukuchue maharage pamoja. Bibi anauliza, mtoto anaitikia kwa kichwa. Bibi anauliza tena, mtoto ananitazama mimi. Mwishowe mama akaweka ungo chini, akamwambia, "Mjukuu wangu, mbona unaniogopa?" Na hilo nalo mtoto hakulielewa mpaka nilipomtafsiria. Nilimtafsiria mwanangu maneno ya mama yangu mzazi. Imepita miaka, na nikiandika hapa koo bado linanikaba.

Kwa hiyo nikikwambia usiache, sikuambii kwa vitabu peke yake.

Sasa tuje kwenye ukimya wenyewe. Mtoto anayetumbukizwa katika lugha asiyoijua hupitia kipindi cha kunyamaza. Wapo wa wiki mbili, wapo wa muhula mzima, na nimekuwa na mmoja aliyefungua kinywa muhula wa pili ukielekea mwisho, tena akafungua kwa sentensi nzima, akimshtaki mwenzake aliyemchukulia penseli. Katika kipindi hicho mtoto hakai bure. Anasikiliza, anapanga, anatafuta neno lipi linakwenda na tendo lipi. Mwombe mwalimu akuangalizie jambo moja tu: watoto wakiambiwa wasimame, binti anasimama baada ya kuwatazama wenzake, au anasimama nao? Wiki ya kwanza karibu wote husubiri waone. Akianza kusimama pamoja nao bila kugeuza shingo, maana yake maneno yameshaingia; yamebaki kutoka.

Hutoka kwa utaratibu wake. Kwanza ataimba na kuhesabu katikati ya kundi, maana sauti ya wengi inamficha. Halafu neno mojamoja. Halafu vifungu alivyovinasa vizima bila kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Halafu sentensi zake mwenyewe, zenye makosa, na makosa hayo usiyasahihishe. Siku utakayomsikia chumbani anamgombeza mwanasesere kwa Kiingereza cha kubabaisha, akijifanya mwalimu, nyamaza, usiingie na wala usimwite baba yake aje kusikia. Na jioni usimwulize, "Leo umesema nini kwa Kiingereza? Hebu nisikie." Nimeona watoto wengi waliokuwa wanakaribia kusema wakarudi nyuma kwa sababu ya swali hilo. Mwulize alicheza na nani, walikula nini, nani alilia. Aeleze kwa Kiswahili chake chote.

Suala la kujikojolea lishughulikie kesho asubuhi. Mtoto wa umri ule aliyekuwa mkavu Tanga hajarudi utotoni. Alikosa neno la kuombea ruhusa. Huku kuna neno ambalo kila mwalimu wa chekechea analielewa, wala si Kiingereza cha kujifunza: susu. Mfundishe anyooshe mkono na kusema susu, basi. Kisha nendeni naye mapema kabla ya kengele, mwingie naye chooni mkaangalie pamoja. Shule nyingi zina vyoo vya shimo, na mtoto aliyezoea choo cha nyumbani anaweza kuliogopa lile tundu na giza lake kuliko anavyomwogopa mwalimu. Mwekee nguo ya ndani ya akiba na mfuko wa plastiki ndani ya begi, na umwonyeshe zilipo, ili akipatwa tena ajue kuna njia. Kumbe hata akijua tu kwamba ipo ya akiba, mara nyingi haihitaji.

Ongeza na vifungu vingine vinne vya Kiingereza: kuomba maji, kusema naumwa, kusema sijaelewa, na kuomba kucheza na wenzake. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Vifundisheni kwa mchezo, wewe ukiwa mwanasesere naye akiwa mwanafunzi, dakika tano baada ya chakula. Hicho ndicho Kiingereza ninachotaka mkifanye nyumbani kwa sasa. Kingine waachieni wanaolipwa ada.

Halafu mtafute mtu mmoja pale shuleni anayejua Kiswahili. Anza na askari wa getini. Sitanii: walinzi wengi wa Uganda wamepitia jeshini, na Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi la nchi hii tangu enzi za King's African Rifles. Nilikuwa na mtoto wa Kikongo ambaye muhula mzima hakuongea na mtu isipokuwa mzee wa getini. Kila asubuhi anasimama mbele yake, "Shikamoo afande," na mzee anajibu "Marahaba, ripoti!" Mtoto anatoa ripoti yake: amekula nini, amelala saa ngapi, mbwa wa jirani amebweka. Dakika mbili. Lakini alikuwa anaingia darasani akiwa ameshakuwa mtu, ameshasikilizwa. Na watoto wa Kikongo mjini Hoima mtawakuta, kambi ya wakimbizi ya Kyangwali haiko mbali nasi, wengi wao Kiswahili wanakijua. Kikiwa cha Kongo kitatofautiana na cha Tanga, nao wataelewana kuliko watu wazima. Mwombe mwalimu amkalishe binti karibu na mmoja wao, ila asimgeuze yule mwingine kuwa mkalimani wa kutwa, kwa sababu huo ni mzigo kwa mtoto.

Kuhusu Abwoli, dada yangu, hapo umenifurahisha. Hawamcheki. Wamempa empaako. Wanyoro na Watooro, pamoja na jamii nyingine chache za magharibi, mbali na jina la kuzaliwa humpa mtu jina la pili la heshima na mapenzi, kutoka katika majina 12 tu: Amooti, Akiiki, Adyeri, Atwoki, Atenyi, Abwoli na wenziwe, na moja, Okaali, limehifadhiwa kwa mfalme. Kwa hilo ndilo watu wanasalimiana. Kumsalimia mtu mzima bila kumtajia empaako yake ni kama wewe kumpita mzee Tanga bila shikamoo. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana inafifia. Mwalimu aliyempa mwanao Abwoli alikuwa anamwambia: wewe sasa ni wa hapa, tuna namna ya kukuita. Asubuhi akisikia "Oraire ota, Abwoli?" anaulizwa ameamkaje. Mfundishe kujibu "kurungi", yaani vizuri. Huenda likawa neno lake la kwanza shuleni, na wala halitakuwa Kiingereza.

Maana Kinyoro atakipata kabla ya Kiingereza, nakuhakikishia, na usimzuie. Ni lugha ndugu na yake. Mbuzi ni embuzi, nyama ni enyama, mti ni omuti, maji ni amaizi. Mtoto wa miaka mitano anauona undugu huu haraka kuliko sisi, na anacheka. Katika mtaala ulioanza mwaka 2007, Uganda yenyewe iliamua kwamba watoto wa P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, P4 uwe mwaka wa kuvukia Kiingereza. Shule za mijini za kulipia huanza Kiingereza tangu Baby, darasa la chini kabisa la chekechea, kwa sababu watoto wamechanganyika na kwa sababu wazazi ndicho wanachonunua. Lakini wazo kwamba mtoto asome kwanza kwa lugha anayoiota usiku si la wageni kama sisi. UNESCO ililisema tangu 1953 na nchi hii ikalikubali.

Niseme kwa nini nalishikilia sana. Ujuzi wa kusoma, yaani kugundua kwamba alama hizi zinabeba sauti na sauti zikiunganishwa zinatoa neno, mtoto huugundua kwa lugha moja, kisha anauhamishia nyingine. Kiswahili ni lugha nyepesi mno ya kugundulia: ma, me, mi, mo, mu, na ukisha kuzijua, "mama" na "mimi" zinasomeka zenyewe, herufi haikusaliti. Kiingereza kinamsaliti mtoto kila mstari. Binti yako akiwa ameanza silabi Tanga, mwendeleze, dakika kumi jioni, kabla ya kazi za shule, kabla hajachoka.

Ila kuna mtego mmoja ambao nataka uujue kabla haujamliza. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ya imla ya mvulana aliyetoka Mwanza. Mwalimu wa zamu alitaja herufi kwa majina yake ya Kiingereza. Alipotaja ya kwanza, inayosikika "ei", mvulana akaandika e. Alipotaja inayosikika "ii", akaandika i. Alipotaja inayosikika "ai", akaandika herufi mbili, a na i, zimekaa vizuri juu ya mstari. Misalaba mitatu ya wino mwekundu, na chini yake neno la kumtaka aongeze bidii. Soma tena alichoandika. Amesikia barabara! "Ii" kwa Kiswahili ni i. "Ai" kwa Kiswahili ni a na i, kama kwenye chai. Yule mtoto alikuwa na sikio zuri kuliko wengi darasani, naye alirudi nyumbani akiamini hajui kitu. Niliifuta ile misalaba kwa kifutio cha wino mpaka karatasi ikatoboka.

Kwa hiyo mwambie mwalimu mapema kwamba binti anazijua irabu kwa Kiswahili, amtajie sauti zaidi kuliko majina. Na binti mwambie hivi: herufi nazo zina empaako. Nyumbani hii inaitwa i, shuleni inaitwa "ai", ni ileile, kama wewe ulivyo na jina lako alilokupa bibi na ukawa Abwoli. Ataelewa papo hapo, maana sasa hivi anayaishi majina mawili.

Kuhusu Kiingereza kwa jumla, mpe baba yake hesabu hii. Jim Cummins, mtaalamu wa lugha wa Kanada, ameeleza kwamba Kiingereza cha kuchezea na kuagizia mtoto hukipata kwa kama miaka miwili, lakini Kiingereza cha kujifunzia sayansi na kujieleza kwenye mtihani huchukua miaka mitano hadi saba. Hiyo safari ndefu haiendeshwi na mama anayesema Kiingereza cha kuungaunga. Inaendeshwa na mtoto mwenye fikra nyingi, aliyezoea kuulizwa kwa nini na ingekuwaje, na maswali hayo wewe unayauliza vizuri kwa Kiswahili. Baba akipenda kumsomea kitabu cha Kiingereza Jumamosi, vyema. Wewe mpikie, mkosoe, mtanie na mwombee dua kwa lugha yako.

Majirani wasikukwaze. Kiswahili Uganda kina historia ya kuumiza. Kwa miaka mingi watu walikisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na mtu mzima wa hapa akisikia sauti kali ya Kiswahili anaweza kushtuka bila kujijua. Mambo yanabadilika. Tangu 2005 katiba inakitambua kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mwanao anakuja nacho tayari. Mueleze mwalimu mkuu hivyo, kwa adabu, ila uso mkavu.

Ukiwa ofisini kwake uliza na swali hili waziwazi: mtoto akisema lugha ya nyumbani hapa shuleni, anafanywaje? Zipo shule bado zinamvisha mtoto kibao au gunia shingoni mpaka amkamate mwingine akiisema. Ikiwa hiyo ndiyo desturi yao, badilisha shule, usisubiri muhula uishe. Na kiboko kimekatazwa na Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa 2016. Usikubali kuambiwa kwamba ndiyo utamaduni wa hapa.

Sasa darasa. Shule inasema Middle, mumeo anasema P1, mimi nasema Top. Katika mfumo wa hapa Baby ni miaka mitatu, Middle minne, Top mitano, P1 sita. Kumshusha Middle kwa sababu ya lugha ni kumkosesha kitu chenyewe kinachomfundisha lugha, yaani wenzake wa rika lake wenye michezo ya rika lake. Atakaa na watoto wa miaka minne, atawazidi kwa kila kitu isipokuwa kusema, na atachoka. P1 nako ni mapema: shule za mjini hudhani mtoto aliyetoka Top tayari anasoma sentensi fupi za Kiingereza, na hapo kweli atazama. Mwambie mumeo ahesabu: akikaa Top mwaka huu, Februari ijayo ataingia P1. Wenzake wa Tanga wanaingia darasa la kwanza Januari ya mwaka huohuo. Tofauti ni wiki chache za kalenda, maana huku mwaka wa shule hufunguliwa Februari na kufungwa mapema Desemba. Nani kaachwa nyuma?

Nenda na daftari lake la chekechea la Tanga. Omba wampime tena, safari hii kwa Kiswahili, wewe ukitafsiri: ahesabu maharage kumi, ayagawe kwa rangi, achore mtu, apange picha tatu za hadithi kwa mfuatano. Hapo ndipo watamwona. Kisha omba Top kwa majaribio hadi mwisho wa muhula wa kwanza, Mei mtakaa tena. Mwalimu mkuu hapendi kuambiwa alikosea, lakini majaribio huyakubali. Wakikwambia bweni ndilo litakalomnyoosha lugha, shukuru na uondoke. Mtoto wa miaka mitano analala kwao.

Na Tanga kwa bibi? Namwelewa mama yako, na ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini mtoto amehama mara moja mwaka huu. Akihama tena, safari hii bila wewe na baba yake, atajifunza kwamba aliponyamaza aliondolewa. Mlete bibi huku kwa njia nyingine. Amtumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kila Ijumaa: "Kitendawili!" kisha anyamaze kidogo, amwachie nafasi ya kujibu "Tega!" kwa sauti nyumba nzima isikie, halafu "Nyumba yangu haina mlango," na jibu asilitoe mpaka Ijumaa ijayo. Mtoto ataishi na yai lile wiki nzima. Mchoree pia ramani ukutani. Bomba analofanyia kazi baba yake lina kilomita 1,443, linaanzia Kabaale hapahapa Hoima na kuishia Chongoleani, pale Tanga. Mchoree mstari mmoja, huku yeye, kule bibi. Watoto wachache sana ugenini wana mstari kama huo. Na kama mkataba wa mumeo utaisha mkarudi, shule za msingi za serikali kwetu hufundisha kwa Kiswahili; silabi za jioni zitakuwa zimemtunzia nafasi yake.

Yapo mambo ambayo yakitokea usiseme ni ukimya wa kawaida. Akianza kunyamaza nyumbani pia. Akishindwa kufuata maagizo mawili kwa Kiswahili, kama chukua kikombe umpelekee baba. Kama hachezi hata kwa ishara, anasimama ukutani mapumziko yote wiki baada ya wiki. Kama masikio yanatoa usaha baada ya mafua, au unamwita kwa nyuma hageuki: hapo mpeleke hospitali ya rufaa ya Hoima, omba masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kumudu lugha ya mama yake kwa kusoma midomo na akapotea kabisa kwenye lugha mpya. Na ikiwa muhula wa pili utaisha hajasema neno hata kwa mtoto mwenzake, niandikie tena, nasi tutafute mtu wa kumwona ana kwa ana. Kwa unavyomweleza, sioni hata moja ya hayo. Mtoto anayeongea mpaka usingizini ana maneno, anasubiri mlango.

Madogo yaliyobaki: posho ya shuleni mwambie ni ugali, ni ugali kweli, atakula. Mvishe sweta hata kama Tanga hakuwahi kulijua, Hoima iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na mvua za Machi zina baridi ya asubuhi. Orodha ya mahitaji, zile rimu za karatasi na karatasi za chooni na fagio, waulize ipi ni ya lazima sasa na ipi inangoja muhula ujao, wengi hawaulizi.

Kesho ukimfikisha getini, msalimieni afande kwa Kiswahili, nyote wawili, kwa sauti. Kisha mwalimu akikuuliza empaako yako usiseme huna. Mwambie akuchagulie, na mtoto awepo akisikia unavyoitwa.